Kuziba hERG si hukumu ya kifo

Kila nikifundisha famasia hapa Kampala, kuna anayeona kwenye jedwali kwamba dawa inaziba hERG, mfereji wa potasiamu kwenye seli za moyo, anaikata kwa kalamu nyekundu. Eti itaua mtu. Wa mwisho aliikata verapamili, dawa ambayo wazee wetu wa presha wameimeza miaka nenda rudi.

Mfereji wa hERG hutoa potasiamu ili seli ya moyo itulie baada ya pigo. Ukizibwa, seli inachelewa kutulia na QT, yaani muda huo wa kutulia unaoonekana kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), inarefuka. Hapo sina ubishi: terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 kwa ajili hiyo hiyo. Lakini verapamili huziba pia mfereji wa kalsiamu, na hilo ndilo jedwali lako halisemi. Fungua modeli ya kompyuta ya seli ya moyo ya O'Hara na Rudy ya 2011, iliyotokana na vipimo vya mioyo ya binadamu zaidi ya 100. Bana (yaani ziba) hERG peke yake: mchoro wa umeme wa seli unarefuka, na ukizidi kubana huku mapigo ni ya polepole, umeme unapanda tena kabla seli haijatulia. Torsade, mapigo ya kasi yaliyovurugika yanayoweza kuua, huanzia hapo. Sasa bana na kalsiamu. Mchoro unafupika na kile kilima cha pili kinatoweka, kwa kuwa kalsiamu ndiyo iliyokuwa inakipandisha. Ndiyo maana CiPA, mpango wa kimataifa wa kupima hatari ya dawa kwa mapigo ya moyo ulioanza 2013, unapima mifereji kadhaa kwanza, kisha unaiachia modeli ijumlishe.

Eti dawa ya kurekebisha mapigo haiwezi kuyavuruga? Mwaka 1989 utafiti wa CAST, uliojaribu dawa za kurekebisha mapigo, ulisitisha flekainidi na enkainidi, zote za kuziba mfereji wa sodiamu: waliowahi kupata shambulio la moyo walikufa zaidi wakizimeza kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Eti modeli inataka mashine ya mamilioni. Mwanasayansi Denis Noble aliiga seli ya moyo kwa kompyuta mwaka 1960. Laptop ya mtumba kutoka Wandegeya, hapa Kampala, inaweza zaidi ya mashine yake. Moyo mzima ndio unaodai kompyuta kubwa.

Na eti modeli ikisema dawa ni salama, basi mgonjwa wako yuko salama. Hapana, musawo (daktari). Modeli haijui kwamba mgonjwa wa TB sugu anayemeza bedakwilini na klofazimini, zinazorefusha QT, ameharisha tangu juzi, potasiamu imeshuka, na duka la dawa limemwongezea eritromaisini, nayo inarefusha QT. Mpige ECG, mpime potasiamu, na hiyo eritromaisini iache leo.