Ukuta wa ngozi ni nini?

Jikwaruze kidogo kwa ukucha kwenye mkono mkavu. Utabaki mstari mweupe, na ukiutazama kwa karibu utaona ni unga. Wanafunzi wapya wa urembo nikiwauliza unga huo ni kitu gani, wengine hujibu "uchafu", wengine "ngozi iliyokufa". Jibu la pili ni sahihi, ila tumezoea kulisema kana kwamba kilichokufa hakina kazi tena, kwa hiyo kinangoja kusuguliwa kiondoke. Makosa mengi ya saluni huanzia hapo. Seli hizo zilizokufa, zikiwa zimepangwa na kushikana, ndizo ukuta wa ngozi, au kizuizi cha ngozi kama wengine wanavyouita. Unazuia maji ya mwili yasitoke ovyo na unazuia vijidudu na kemikali visiingie. Mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili huwa katika hatari ya kufa kwa sababu hiyo hasa: ukuta umeondoka, maji yanamtoka, vijidudu vinaingia.

Ngozi ina matabaka makuu matatu. Juu kuna epidermisi, katikati dermisi yenye mishipa ya damu, neva, tezi na mashina ya nywele, na chini kabisa kuna tabaka la mafuta. Epidermisi haina mishipa ya damu. Kwa mwanafunzi hiyo ni alama nzuri ya kujua alipo: ukiona tone la damu unapokata ngozi ya pembeni mwa kucha, ujue umeshatoka epidermisi na kuingia dermisi, mahali ambapo kazi yetu haipaswi kufika.

Seli za epidermisi huzaliwa chini na kusukumwa juu na wenzao wanaozaliwa nyuma yao. Zikipanda zinajaa keratini, protini ngumu kama ya kucha, zinabapa, zinapoteza kiini, zinakufa, na mwishowe zinadondoka. Kwa kijana safari nzima huchukua kama siku 28, na umri ukisonga inakuwa ndefu zaidi. Ukuta wenyewe ni zile safu za mwisho, 15 hadi 20 hivi, na sehemu nyingi za mwili unene wake wote ni takribani milimita 0.01 hadi 0.02. Karatasi ya daftari ina unene wa kama milimita 0.1. Nyayo zina ukuta mnene kuliko hapo, na kope ni miongoni mwa sehemu nyembamba kabisa, ndiyo maana kinachovumiliwa na kisigino kinaweza kuvimbisha jicho.

Daktari wa ngozi Peter Elias wa Marekani ndiye aliyeeneza mfano wa matofali na saruji. Matofali ni seli zilizokufa. Saruji ni mafuta yaliyojaa katikati yake: kwa uzito, karibu nusu ni seramidi, kama robo ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni asidi za mafuta. Naupenda mfano huu kwa sababu unakuonyesha kila kitu unachoshika saluni kinagusa upande gani. Skrabu, nta na wembe vinaondoa matofali. Sabuni kali, asetoni na spiriti vinayeyusha saruji. Asidi za kuchubulia zinalegeza vishikizo vinavyounganisha tofali na tofali. Na mvuke wa moto unalowesha ukuta mzima, ukawa rahisi kupenyeka.

Ukuta huu pia una uchachu wake. Ngozi yenye afya ina pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi, yaani ni asidi kidogo, na ni katika hali hiyo vimeng'enya vinavyotengeneza saruji hufanya kazi vizuri. Sabuni ya kipande ya kawaida huwa na pH ya 9 hadi 10. Mteja anapokuambia uso wake "umetakata mpaka unavuta", usifurahi naye. Kule kuvuta ni ishara kwamba saruji imepungua na maji yanatoka kwa kasi kuliko kawaida.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi aondoke nalo darasani. Ukuta uliokamilika hauruhusu kila kitu kupita. Kwa kawaida molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida sana. Kolajeni, protini inayoipa dermisi uimara, ni kubwa mno kuliko hapo, kwa hiyo kolajeni iliyo ndani ya krimu hubaki juu ya ngozi; inalainisha, lakini haiendi kujenga dermisi. Ila hesabu hiyo ni ya ukuta uliokamilika. Ukishaufungua kwa nta, kwa asidi au kwa sindano, vile vilivyokuwa vinaachwa nje vinapata njia: manukato, vihifadhi, rangi, vijidudu. Losheni ambayo mteja ameipaka miaka yote bila tatizo inaweza kumchoma vibaya dakika tano baada ya kutolewa nywele. Losheni ni ileile, ukuta ndio umebadilika. Kwa hiyo unapojiuliza kama bidhaa ni salama, jiulize papo hapo: salama kwa ukuta ulio katika hali gani?

Nikiwa bado najifunza, nilimpaka nta mteja juu ya nyusi. Nilipovuta kitambaa, kikaja na nywele pamoja na ngozi, ikabaki sehemu nyekundu inayong'aa na maji. Nta haikuwa ya moto kupita kiasi. Mteja alikuwa anapaka krimu ya retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A, kila usiku na mimi sikumuuliza. Retinoidi huharakisha safari ya seli na kuufanya ukuta kuwa mwembamba, na nta haijui ikome wapi. Tangu siku hiyo simgusi mtu kabla ya kumhoji, hata kama ni mteja wangu wa miaka. Anatumia krimu gani za chunusi? Amepaka asidi wiki hii? Kwa krimu za retinoidi, nasubiri angalau wiki moja tangu aache kuipaka sehemu ile. Aliyekuwa akimeza vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, ushauri uliozoeleka ni kusubiri miezi 6 baada ya kumaliza dozi kabla ya kutoa nywele kwa nta. Uliza pia kuhusu krimu za kujichubua, na uliza kwa upole, kwa kuwa wengi huona aibu kukiri. Steroidi iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huikonda ngozi hata ikachanika kirahisi.

Kutokana na hayo inafuata kanuni ninayoishikilia sana: siku moja, tundu moja. Skrabu, kisha asidi, kisha nta juu ya uso uleule ni kuubomoa ukuta mara tatu kabla haujapata nafasi ya kujiziba. Mteja anaweza kuomba. Kazi yako ni kumkatalia na kumweleza sababu.

Kwa ngozi nyeusi kuna uangalifu wa ziada. Idadi ya seli zinazotengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi, haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini yenyewe na jinsi inavyofungashwa. Ngozi nyeusi ikiumizwa, hata kidogo, hujibu kwa kumwaga melanini zaidi, na doa linalobaki linaweza kukaa miezi mingi baada ya jeraha kupona. Halafu wekundu unaoelezwa vitabuni kuwa dalili ya kusimamisha kazi unaweza usionekane kabisa. Gusa kwa mgongo wa vidole uone kama kuna joto, tazama kama pamevimba au pamekuwa peusi kuliko pembeni, na zaidi ya yote muulize mteja anasikiaje, mara kwa mara, huku kazi ikiendelea.

Kuna pia walinzi wanaoishi ndani ya epidermisi, seli za Langerhans, zilizopewa jina la Paul Langerhans, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1868 akiwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kemikali ikipenya, seli hizi huipeleka kwa kinga ya mwili ikatambuliwe. Mara za kwanza mteja hasikii kitu. Kinga ikishaikariri kemikali hiyo, safari inayofuata ndipo mzio unapolipuka, na kwa kawaida hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana kauli ya "nimeshawahi kuitumia" si kinga, hasa kwa rangi za nywele na kope zenye kemikali ya parafenilinidiamini. Jaribio dogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani lifanyike saa 48 kabla. Jaribio la dakika 10 halikuambii lolote kuhusu mzio wa aina hii.

Vijidudu navitaja kwa ufupi, ingawa si jambo dogo. Kijiti kilichogusa ngozi hakirudi kwenye kopo la nta, hata mara moja, kwa sababu ngozi iliyotolewa nywele ni ukuta ulio wazi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kifaa cha chuma kinachoonekana kikavu na kisafi bado si salama. Kioshwe kwanza, ndipo kitakaswe. Dawa haipenyi uchafu ulioganda.

Ukuta uliofunguliwa kidogo hujiziba haraka. Kwa kijana mwenye afya, sehemu kubwa ya kazi hiyo hukamilika ndani ya siku 3 hivi, ilimradi usiguswe tena. Kwa hiyo mpe mteja maelekezo ya kipindi hicho kwa maandishi: asipake manukato, asioge maji ya moto sana, asikae kwenye joto la kumtoa jasho jingi, na uso apake krimu ya kukinga jua.

Akirudi siku ya nne anasema uso unamchoma hata kwa maji matupu, utapata kishawishi cha kumpaka kitu kingine cha kutuliza. Usiongeze. Mwondolee kila kitu, mbakizie kisafishio laini kisicho na harufu na mafuta mazito ya kawaida yasiyo na manukato. Pakiwa panatoa maji au usaha, au pamevimba, mwelekeze kwa daktari siku hiyohiyo, na umwandikie majina ya bidhaa zote ulizompaka aende nazo.