Julie Andrews na tuzo ya maisha: hizi dhana tuziache sasa

Mimi nafundisha sauti hapa Nairobi, wanafunzi wangu wengi ni watu wa kwaya na wale vijana wanaotafuta nafasi kwenye maigizo ya muziki, na kila msimu wa Tony, zile tuzo za maigizo ya Broadway kule New York, ukikaribia lazima mtu aniulize ticha, mwaka huu ile tuzo ya mafanikio ya maisha apewe nani. Jibu langu ni lilelile, Julie Andrews, yule mwimbaji na mwigizaji Mwingereza. Tony za 2025 zilipita, akapewa mwandishi na mwigizaji Harvey Fierstein na alistahili kabisa, lakini Julie mpaka hapo alikuwa bado hajapewa. Na nikitaja tu jina lake naanza kurushiwa hoja zilezile, kutoka kwa wanafunzi, kutoka kwa wazazi wao, hata kutoka kwa waalimu wenzangu ambao kusema kweli wangekuwa wanajua. Acha niziandike zote hapa, darasani nimechoka kurudia.

"Si alipoteza sauti? Sasa kazi ya maisha gani na iliishia njiani?"

Hii ndio inaniuma kuliko zote, naanza nayo na nitakaa nayo.

Kwanza tuhesabu. Alipanda steji ya London Hippodrome 1947 akiwa na miaka 12, akaimba wimbo wa opera wa soprano, yaani sauti ya juu kabisa ya kike, zile noti za juu ambazo watu wazima wanaziogopa. Mwaka uliofuata akaimba mbele ya familia ya kifalme pale London Palladium. Broadway aliingia 30 Septemba 1954, kesho yake ndio anatimiza miaka 19. Opereshini ya koo alifanyiwa New York Juni 1997. Kutoka 1947 hadi 1997 ni miaka 50! Nusu karne mtu anaimba ndio ale, alafu kijana ana miezi sita kwenye kwaya ananiambia kazi iliishia njiani. Njiani wapi?

Alafu hiyo miaka haikuwa ya kuimba kibao kimoja harusini na kukaa. Broadway ni shoo nane kwa wiki, kuna siku mbili unafanya ya mchana na ya jioni, na Eliza, mhusika mkuu wa My Fair Lady, alimcheza karibu miaka mitatu na nusu ukijumlisha New York na London. Wenye wamejaribu huyo Eliza wanajua. Nusu ya kwanza unapiga kelele za msichana wa sokoni, unalia, unafoka, koo lote limekaza, alafu hujapumzika vizuri unatakiwa ufungue soprano safi kama hakuna kitu kimetokea. Na ilikuwa 1956, hakuna ile maiki ndogo ya kuficha kwenye nywele, sauti ilikuwa inabebwa na pumzi yako. Mimi nikiwa na mwanafunzi anaweza kuimba hiyo kazi wiki mbili bila kukwaruza namwambia mama yake nimepata mwimbaji.

Sasa tuje kwa sumu yenyewe iliyojificha ndani ya hilo swali, yaani ile imani kwamba sauti ikiharibika mwenyewe ndio alikuwa anaimba vibaya. Si kweli, na inaumiza watu. Nyuzi za sauti ni nyama, zinagongana mamia ya mara kila sekunde, na ukiwa soprano kwenye noti za juu zinapita hata elfu moja. Unaweza kuwa na ufundi kamili na bado ukaumia kazini. Mchezaji akivunjika goti uwanjani hakuna shabiki anasema kumbe huyu hakujua mpira. Julie alikuwa amefikisha miaka 60 wakati shoo ya Victor/Victoria inafunguliwa Broadway Oktoba 1995, nafasi inayoipeleka sauti chini kabisa na juu kabisa usiku mmoja, akaibeba mpaka 1997, sauti ikaanza kusumbua, akaenda kutibiwa akitegemea atarudi kwa steji. Akatoka bila ile sauti tuliyoijua. Alishtaki, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2000. Hapo mnaona uvivu wa kujifunza uko wapi?

Nasema inaumiza watu kwa sababu naiona hapa hapa. Waimbaji wanaficha. Mtu anatoka kesha ya Ijumaa ameimba mpaka alfajiri akishindana na spika, Jumapili anaongoza ibada ya kwanza na ya pili, Jumatatu hana sauti, na hataki mtu ajue ndio asionekane hajui kuimba. Badala ya kunyamaza anakunywa dawa, ile ya tangawizi ndimu na asali. Jamani, hiyo dawa ni tamu na inapasha koo joto, kunywa ukipenda, lakini inapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, ingezigusa ungepaliwa. Kinachosaidia ni maji siku nzima, kukaa kimya (na kunong'ona si kukaa kimya), na ukikwaruza zaidi ya wiki tatu nenda kwa daktari wa koo aangalie na kamera. Si mganga, si rafiki wa kwaya. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

Na baada ya sauti kwenda? Angeweza kufunga mlango. Akaongoza The Boy Friend 2003, ileile shoo iliyomleta Broadway, na 2016 akaongoza My Fair Lady pale Sydney Opera House, miaka 60 baada ya ile ya kwanza. Akaandika vitabu vya watoto na binti yake, vingi tu. 2017 akatengeneza kipindi cha kufundisha watoto kazi za jukwaa. Na nyinyi wote mnaoangalia Bridgerton, ule mfululizo wa Netflix, yule Lady Whistledown anayesimulia ni yeye. Msikilize vizuri anavyomaliza maneno, hakuna konsonanti inapotea. Pumzi bado ipo pale pale.

"Hakuwahi kushinda Tony ya kawaida, hii itakuwa ya kumfariji."

Aliteuliwa mara tatu, 1957, 1961 na 1996. Ya kwanza ilienda kwa Judy Holliday, ya pili kwa Elizabeth Seal. Ya tatu aliikataa mwenyewe, kwa sababu kwenye Victor/Victoria nzima aliteuliwa yeye peke yake, wenzake wote wakaachwa, basi baada ya shoo ya mchana akasimama mbele ya watazamaji akasema anachagua kukaa na wale waliosahauliwa. Kwangu hiyo peke yake ingetosha. Lakini hata tukiiweka kando, tuzo ya maisha haipigiwi kura kama zile zingine, inaamuliwa na kamati ya Tony, na inaangalia safari nzima ya mtu wala si msimu mmoja na wapinzani wa mwaka huo. Mwigizaji Angela Lansbury alikuwa na Tony tano za ushindani na bado akapewa ya maisha 2022. Kwani yeye alikuwa anafarijiwa nini?

"Huyo ni mtu wa filamu bana."

Filamu zilikuja baadaye. Kabla ya Mary Poppins ya 1964 alikuwa ameshafanya kazi ya steji miaka 17. Wakati My Fair Lady inafanywa filamu, studio ilimwacha kwa sababu hakuwa na jina kwenye sinema, wakamchukua Audrey Hepburn, na nyimbo nyingi mnazosikia pale ni sauti ya mwimbaji Marni Nixon, si ya Audrey. Kwa hivyo tafadhali msiniletee ile klipu kwenye odishani mkisema mnamwiga Audrey.

"Asubiri, bado yupo."

Chita Rivera, mwigizaji na mchezaji dansi wa Broadway, alipewa 2018, miaka mitatu tu baada ya kucheza Broadway akiwa na 82, hakuna aliyemwambia staafu kwanza. Lansbury alipopewa Juni 2022 hakuweza kufika, mwigizaji mwenzake Len Cariou akampokelea, na Oktoba hiyohiyo akafariki. Julie alifikisha 90 Oktoba 2025. Sisi hapa tumezoea kumsifu msanii kwenye mazishi, tena kwa maiki na kwa muda mrefu, wakati alipokuwa hai hata kodi ilikuwa inamshinda. Mimi hiyo tabia naichukia na sitaki kuitetea hata kwa mtu wa mbali.

Imebaki moja, na hii ndio hoja pekee ambayo naiheshimu: shoo nne. Ukihesabu Broadway peke yake, na Tony ni ya Broadway, Julie ana The Boy Friend, My Fair Lady, Camelot na Victor/Victoria, basi. Katikati ya Camelot na Victor/Victoria kuna zaidi ya miaka 30 hayupo Broadway. Chita alikuwa na nyingi zaidi, Lansbury pia. Mwanafunzi akiniletea hiyo sikasiriki, tunakaa tunajadili.

Lakini angalia ni shoo gani. Eliza wa My Fair Lady na Malkia Guenevere wa Camelot, kwenye maigizo hayo ya muziki ni yeye aliwacheza wa kwanza kabisa, hakuna rekodi ya mtu mwingine ya kuiga, hakuna video ya kutazama usiku kabla ya mazoezi. Kila soprano aliyekuja baada yake, awe London au awe kwenye ukumbi wa shule hapa Nairobi, anatembea kwenye njia aliyoikata yeye. 1957 Rodgers na Hammerstein walimwandikia Cinderella ya televisheni, ikaenda hewani moja kwa moja, watu zaidi ya milioni 100 wanatazama, ukikosea umekosea. Hiyo haihesabiki kama Broadway, najua, lakini inaonyesha watunzi wakubwa wa wakati ule walikuwa wanaandika wakiwa na sauti ya nani kichwani. Wapo waliofanya shoo kumi na tano na hakuna hata nafasi moja iliyobaki na alama yao.

Kwa hivyo ukija na hoja ya shoo nne, njoo ukiwa umesikiliza ile albamu ya My Fair Lady iliyorekodiwa Machi 1956, siku chache baada ya ufunguzi, si ya filamu. Sikiliza ule wimbo wa Eliza akikataa kwenda kulala, I Could Have Danced All Night, na uangalie pale anapopanda mwishoni kama kuna mahali amekaza. Alafu uuimbe mwenyewe mara nane kwa wiki moja. Jumamosi niko, njoo tuongee.