Pegasus Haikuwepo 1896

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya boti na wanafunzi wa sekondari, tukielekea Chapwani, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja. Kijana aliyekuwa akituongoza akanyoosha kidole kwenye kisiwa, akasema: "Pale wamezikwa mabaharia wa Pegasus, manowari iliyopiga kasri la Sayyid Khalid." Wanafunzi wakainama kuandika. Maneno hayo nimeyasikia kwa waongoza watalii, kwa walimu, hata kwa mtu aliyeniletea picha ya meli iliyozama akitaka nimthibitishie. Kazi yangu ni kumbukumbu za meli za pwani hii, na nimechoka kusahihisha mtu mmoja mmoja. Leo naandika.

Kasri la Sayyid Khalid, aliyejitangaza Sultani wa Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza, lilipigwa na manowari zao tarehe 27 Agosti 1896. Pegasus ilishushwa majini tarehe 4 Machi 1897, kwenye karakana ya Palmers, mjini Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Siku ile Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri, inaangushwa, Pegasus ilikuwa bado inaundwa nchi kavu. Ilianza kazi mwaka 1899.

Manowari zilizokuwapo bandarini siku ile zilikuwa tano: St George, Philomel, Thrush, Racoon na Sparrow, zote chini ya Admeri Harry Rawson. Saa tatu na dakika mbili asubuhi mizinga ikaanza. St George ikaizamisha Glasgow, meli ya Sultani iliyoagizwa na Sayyid Barghash baada ya kimbunga cha 1872 kuzivunja meli zake. Ndani ya dakika arobaini hivi watu wapatao 500 upande wa Sayyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, na hakufa. Sasa niambieni, vita visivyoua Mwingereza hata mmoja vingejazaje makaburi ya Waingereza Chapwani?

Hapo ndipo linaponiuma. Pegasus ilizamishwa na Wajerumani mbele ya Unguja mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Tukiichanganya miaka hii miwili, 1896 na 1914, tunawachanganya waliokufa. Wazanzibari wa 1896 wanapotea kwenye hadithi, na mahali pao wanakaa mabaharia wa 1914 waliokufa katika vita vingine kabisa, mbele ya adui mwingine kabisa. Na ile picha ya milingoti mitatu iliyosimama majini mbele ya mji ni ya Glasgow. Pegasus ilipinduka ilipozama.

Pegasus yenyewe ilikuwa kruza (manowari ya mwendo wa kasi) ndogo ya daraja la tatu, tani 2,135, mizinga minane ya inchi 4, mabaharia wapatao 220. Zilijengwa kumi na moja za namna hiyo, zote majina yao yanaanza na P, na mafundi walizitumia kujaribia aina mbalimbali za boila za mirija ya maji. Kwenye majaribio zilifika noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Baada ya miaka michache zilikuwa zikihangaika kuukaribia mwendo huo. Pegasus ilitumika Mediterania, ikapelekwa Australia 1905, kisha 1913 ikaingia kikosi cha Rasi ya Tumaini Jema, na ndivyo ilivyofika kwetu. Ilikuwa meli ya kuonyesha bendera na kulinda njia za biashara. Haikuundwa kupambana na kruza iliyojengwa karibu miaka kumi baada yake.

Kruza hiyo ilikuwa Königsberg ya Wajerumani, chini ya nahodha Max Looff. Ilitoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, ikaikamata City of Winchester, meli ya shehena ya Waingereza, tarehe 6 Agosti. Wajerumani wenyewe wakazamisha chelezo chao, gati la kuelea la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo haikuwa na nyumba ya kurudi. Ikajificha Rufiji. Hapo ikapata habari kwamba manowari ya Waingereza imetia nanga Unguja.

Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, Königsberg ikaja kwa mlango wa kusini. Tagi Helmuth, boti ya kuvutia meli iliyokuwa ikilinda mlango, haikuwahi kutoa onyo. Pegasus ilikuwa imetia nanga, mashine zimefunguliwa kwa matengenezo.

Na hapa linakuja kosa la pili, ambalo hata watu wanaojua tarehe hulirudia: eti Mjerumani alishinda kwa sababu mizinga yake ilikuwa mikubwa. Mzinga wa Königsberg ulikuwa wa sentimita 10.5. Inchi 4 ni sentimita 10.16. Tofauti ya midomo ni milimita 3.4! Hata urefu wa mtutu ni uleule, mara arobaini ya upana wa mdomo. Mzinga haupimwi kwa mdomo peke yake. Kuna baruti inayosukuma kombora, kuna umbo la kombora, na kuna kitu ambacho watu hawakitazami kabisa, nacho ni kitako cha mzinga: kinauruhusu mtutu kunyanyuka kiasi gani? Kombora ni kama jiwe la teo. Ukilitupa chini-chini linaanguka karibu, ukilinyanyulia pembe linakwenda mbali. Mizinga ya Königsberg iliweza kufika zaidi ya kilomita 12. Looff alifungua moto akiwa umbali wa zaidi ya mita 8,000, na makombora ya Pegasus yakawa yanaanguka majini kabla ya kumfikia.

Halafu kuna nanga. Mpiga mizinga anayelenga meli inayokwenda hubahatisha: itakuwa wapi kombora litakapofika? Meli iliyofungwa nanga haina swali hilo. Kombora la kwanza likipita, la pili likipungua, la tatu limeshajua mahali. Mizinga ya upande uliomwelekea adui ilinyamazishwa ndani ya dakika nane. Walikufa 38, wakajeruhiwa 55. Alasiri meli ikapinduka na kuzama.

Vitabu humlaumu Komanda John Ingles, nahodha wa Pegasus, kwa kulala mahali pa wazi. Mimi kwa miaka mingi nilimtetea: boila hazingojei, mji ulihitaji ulinzi, na meli iliyovunjika mashine haichagui sana. Siku hizi sisemi kwa nguvu ileile. Kilindini, bandari ya Mombasa, ilikuwepo, na mlango wake ni rahisi zaidi kulinda. Hoja hiyo nimeigeuza kila upande na sijaweza kuivunja. Lakini siwezi pia kumhukumu mtu kwa ramani niliyoitandaza mezani, miaka zaidi ya mia baadaye, nikijua adui alikuwa wapi.

Looff naye hakufika mbali. Alipotoka Unguja mashine yake ikavunjika kwenye kiungo cha pistoni, akarudi Rufiji, na hakutoka tena. Chatham, manowari ya Waingereza, ikamgundua tarehe 30 Oktoba. Kati ya meli zilizokuja kuuziba mto ilikuwamo Pioneer, dada yake Pegasus, safari hii ikipeperusha bendera ya Australia. Tarehe 11 Julai 1915 Severn na Mersey, meli za mizinga zenye kina kifupi, zikaimaliza.

Yule kijana wa boti hakukasirika nilipomweleza. Aliniuliza ushahidi uko wapi. Nikamwambia akifika Mombasa aende Fort Jesus. Nje ya ngome upo mzinga wa Pegasus na upo wa Königsberg. Atazame midomo yote miwili kwanza, kisha ainame atazame vitako.