Bibi mmoja, masimulizi mawili

Watu wanaokuja kwetu kusoma nyaraka za kale huuliza swali lilelile: "Sasa hii ni kweli?" Huwa nawarudishia swali: aliyesimulia alikuwa anazungumza na nani? Mfano ninaoutumia kulieleza hilo unatoka mbali, Charleston katika jimbo la South Carolina, Marekani, mwaka 1937.

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne Marekani hakuwa na kazi. Mwaka 1935 serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ikaunda shirika la ajira lililofahamika kwa herufi zake, WPA. Wengi walioajiriwa walishika sepetu, wakajenga barabara, madaraja na shule. Lakini mkuu wa shirika, Harry Hopkins, alishikilia kwamba msanii naye ana tumbo kama watu wengine. Ndipo Julai mwaka huohuo ukaanzishwa Mradi wa Waandishi wa serikali kuu, chini ya Henry Alsberg.

"Mwandishi" hapa lilikuwa jina la heshima tu. Kati ya watu zaidi ya 6,000 waliokuwamo mradi ulipofikia kilele, walikuwamo walimu, wakutubi, makarani, na mawakili waliokimbiwa na wateja. Ili uajiriwe, kwa kawaida ilibidi kwanza uandikishwe kuwa fukara anayestahili msaada, jambo lililowatia wengi aibu. Malipo katika miji mikubwa yalikuwa dola 20 na ushei kwa wiki.

Kazi kuu ilikuwa kuandika kitabu cha mwongozo kwa kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati ule: historia yake, miji yake, njia zake, na hata hekaya za wenyeji. Idaho ilitangulia, Januari 1937, kwa juhudi za mwandishi wa riwaya Vardis Fisher, ambaye sehemu kubwa aliiandika mwenyewe. Mwandishi mweusi Ralph Ellison alizunguka Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, akisikiliza watu. Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi aliyekwisha kuchapisha vitabu, huko Florida alipewa cheo cha chini na mshahara mdogo kuliko wahariri wazungu. Serikali iliyokuwa inamlipa akusanye habari za watu weusi haikuona tabu kumpunja kwa kuwa mweusi.

Kwangu mimi, hazina kubwa ya mradi ni simulizi za watu waliozaliwa utumwani. Kati ya 1936 na 1938 zilikusanywa zaidi ya 2,300, katika majimbo 17. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, kwa hiyo wazee hao walikuwa na miaka zaidi ya 70, wengine 100 na zaidi. Wahoji wengi walikuwa wazungu, na wengi wao walikuwa na penseli na daftari tu, wakirudi nyumbani kupanga maneno kwa kukumbuka. Nao wazee walikuwa na njaa. Walisikia serikali inatoa misaada na pensheni, na huyu aliyebisha hodi alikuwa mtu wa serikali.

Sasa turudi Charleston. Alikuwapo bibi mmoja aliyepita miaka 100. Mhoji mmoja alikuwa mama wa kizungu, na bibi alidhani ametoka ofisi ya ustawi iliyokuwa ikimsaidia. Akamsifia bwana wake wa zamani mpaka ikaonekana kana kwamba yule bwana alinunua watumwa ili apate watu wa kuwatendea wema. Alihojiwa pia na mwanamume mweusi. Bibi yuleyule, mji uleule, lakini kwa huyu akasimulia viboko. Akasimulia maharusi waliooana usiku, na kulipokucha bwana akamuuza bi harusi. Mama wa binti akatoka barabarani akimporomoshea matusi mwanamke wa kizungu, kila mtu akisikia.

Kuna wanaosema basi simulizi aliyompa mama wa kizungu itupwe. Sikubaliani nao. Ile aliyompa mhoji mweusi inatuonesha utumwa ulivyokuwa. Ile ya mama wa kizungu inatuonesha Charleston ya 1937, na kile mtu mweusi mwenye shida alichoona ni salama kusema mbele ya mzungu. Mtunza nyaraka anazihitaji zote mbili.

Mradi wenyewe haukudumu. Mwaka 1938 kamati ya Bunge chini ya Martin Dies iliutuhumu kuwa pango la wakomunisti. Mwaka uliofuata serikali kuu ikaondoa mkono, majimbo yakauendeleza hadi 1943. Simulizi za watumwa zilipangwa katika majuzuu 17 na kukabidhiwa Maktaba ya Bunge, Washington. Leo zinasomeka bure kwenye intaneti, na mahojiano yote mawili ya yule bibi yamo katika sehemu ya South Carolina. Ila soma kwa makini: jina lake la ukoo limeandikwa kwa tahajia mbili, na msomaji mwenye haraka huwapita akidhani ni watu wawili.