Kwenye asidi DMG haiishiki nikeli hadi utie amonia

Katika vitendanishi vyote ninavyotumia kutambua metali, ninachokithamini zaidi ni dimethiliglayoksimi, ambayo maabara tunaiita DMG tu. Mwaka 1905 mwanakemia Mrusi Lev Chugaev alionyesha kwamba ikikutana na nikeli hutoa mashapo mekundu, yaani chembe ngumu zinazojitenga na myeyusho. Tangu hapo haijaachwa, na nadhani inastahili.

DMG ni unga mweupe usioyeyuka vizuri majini, ndiyo maana huandaliwa kwa ethanoli, mara nyingi asilimia 1. Chukua myeyusho wa nikeli wenye asidi, ule wa kijani hafifu, udondoshee DMG: huoni kitu. Sasa tia amonia, tone moja moja. Pale tone linapotua wekundu huchipuka, ukitikisa hupotea, kisha tone jingine huufanya ubaki, na muda si mrefu testi tyubu yote imejaa wekundu mzito.

Sababu ni hii. Molekuli mbili za DMG huishika atomi moja ya nikeli kwa naitrojeni nne, zote katika bapa moja, lakini kila molekuli lazima kwanza iachie protoni moja. Kwenye asidi protoni zimejaa tele, hivyo mshiko unavunjika. Amonia huziondoa. Ikizidi mno nayo huanza kuing'ang'ania nikeli yenyewe, kwa hiyo mimi hubaki kati ya pH (kipimo cha uasidi) 5 na 9.

Usiamini rangi peke yake. Chuma(II), yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili, nacho hutoa wekundu kwenye amonia, ila hubaki kwenye myeyusho bila kuganda kuwa mashapo. Chuma(III), kilichopoteza tatu, hutoa mashapo ya kahawia yanayofunika kila kitu; tia asidi ya tatariki kabla ya amonia, itakizuia kisigande. Paladi ndiyo inayonifurahisha: yenyewe huganda ikiwa ya njano katika asidi hafifu, mahali ambapo nikeli imetulia. Chupa ni ileile, metali mbili zinatengana kwa asidi tu.

Kwa kupima kiasi, mashapo huchujwa, hukaushwa kwenye nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi, kisha hupimwa uzito, asilimia 20.32 ya uzito huo ni nikeli. Usimimine DMG ovyo: ikizidi, yenyewe huganda na kuongeza uzito, na ethanoli iliyoandamana nayo huyeyusha sehemu ya mashapo na kuupunguza.