Epicurus hakuwa mtu wa anasa

Wasomaji wa Biblia wanawakumbuka Waepikureo, wafuasi wa Epicurus, waliokutana na Paulo kule Athene (Matendo 17:18). Kwa karne nyingi jina hilo limebeba picha moja: watu wa kula, kunywa na kustarehe. Picha hiyo si sahihi.

Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyezaliwa katika kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, alifundisha kweli kwamba raha ndiyo lengo la maisha. Ila raha aliyoikusudia ni mwili usio na maumivu na nafsi isiyo na wasiwasi. Katika barua yake kwa mwanafunzi wake Menoeceus anaeleza waziwazi kwamba hazungumzii starehe za walevi wala karamu zisizokoma. Mkate na maji, anasema, humpa mwenye njaa raha kubwa kabisa. Wakati mmoja alimwomba rafiki ampelekee chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka ajifanyie karamu. Jibini tu!

Wengine nao humgeuza mtawa, na hapo pia wanakosea. Hakukataza vitu vizuri. Alisema anayevihitaji kidogo ndiye anayevifurahia zaidi vikija. Alichoonya ni tamaa zisizo na kikomo, kama ile ya utajiri au sifa. Njaa ya tumbo huisha kwa sahani moja. Njaa ya sifa haina kipimo.

Uvumi ulianza angali hai. Timocrates, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alidai kuwa mwalimu hutapika mara mbili kwa siku kwa ulafi. Maneno ya Timocrates yakasafiri mbali kuliko barua.