Usiniandikie Upya, Nionyeshe Kosa

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu soko la samaki la Mji wa Kale. Sentensi yake moja ilisema: "I heard the smell of fish." Kabla ya kuileta darasani aliipitisha kwenye ChatGPT, programu ya akili unde, ikarudi imerembwa: "The aroma of fish filled the air." Nilipomwuliza kosa lilikuwa wapi, akanyamaza. Hakujua kama palikuwa na kosa.

Sisi husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, hata usingizi twausikia. Mwingereza ameiachia hear masikio tu. Pua ina smell yake. Somo lilikuwa hapo, likampita. Na hiyo aroma, yaani harufu ya kupendeza! Saa nane mchana, juani, samaki hunuka.

Programu ya aina hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukisia neno lipi lafaa kufuata. Ndiyo maana Kiingereza chake ni laini, lakini hakina mwenyewe. Huwezi kujisahihisha kwa kukipokea kizima kizima.

Nawaambia wanangu: andika kwanza, hata kwa kalamu. Kisha iagize programu hivi: "Usiniandikie upya. Nionyeshe makosa matatu tu, nieleze kwa Kiswahili kwa nini ni makosa, nitasahihisha mwenyewe." Matatu yatosha, ishirini yatakuvunja moyo. Yatie kwenye daftari. Muda si mrefu utaona ni yale yale yanayorudi: a na the, ambazo Kiswahili hakina, he na she, kwa kuwa kwetu wote ni yeye. Na kanuni yoyote unayopewa, ihakiki kwenye kamusi au kitabu cha sarufi, maana mashine hii hukosea bila kusita.

Walimu wenzangu nao wasikimbilie programu za kunasa kazi ya mashine. OpenAI, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walikiondoa chombo chao cha aina hiyo Julai 2023 kwa kuwa hakikuaminika vya kutosha. Ukishuku, mkalishe mwanafunzi umwulize kuhusu sentensi yake mwenyewe. Dakika tano tu.

Yule wa samaki nilimrudishia insha. Akaja na hii: "I smelled the fish before I saw market." The imemponyoka hapo mwisho, nayo tayari imo daftarini.